Ganda halitoki, nukta haionekani: redi doti ya kwanza kwenye Glock 19

Swali nimelifupisha kidogo, mwenyewe aliandika ndefu:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni nesi wa zamu za usiku hapa Houston. Nina Glock 19 Gen5 MOS, mwaka sasa, naenda nayo renji (uwanja wa kulenga shabaha) tu na nyumbani inakaa kwenye sefu. Mwezi uliopita nikanunua saiti ya redi doti (kidirisha cha kioo chenye nukta ya mwanga ya kulengea), Holosun 507C, nikaifunga mwenyewe mezani jikoni kwa kuangalia video. Siku ya kwanza renji, kila baada ya risasi mbili tatu ganda linabaki chemba, kitu ambacho hii bastola haijawahi kufanya. Halafu nikiinua sioni nukta, nabaki natafuta kama nimedondosha hereni. Nikiipata sasa, haipo duara, ni kama nyota. Nimeiharibu? Nirudishe saiti? Na zero (kurekebisha saiti risasi ipige pale nukta ilipo) nifanyie umbali gani, maana kila mtu ana lake."

Marahaba mdogo wangu. Hujaharibu kitu, na saiti usirudishe kwanza. Maswali yako ni matatu ila kwenye benchi langu huwa yanakuja pamoja hivyo hivyo, mtu anaingia analalamika saiti mbovu, ukimchunguza unakuta skrubu moja, kiganja kimoja na jicho moja. Saiti yenyewe haina kosa.

Tuanze na ganda maana hilo ndo la hatari. Kabla hujagusa chochote: toa magazini, vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele), angalia chemba kwa macho kisha ingiza kidole, halafu risasi zote zipeleke chumba kingine. Sio kwenye droo ya hapo hapo, chumba kingine. Najua unajua, ila ukishaanza kuhangaika na visrubu vidogo akili inahama.

Sasa, Glock ya MOS ina sehemu ya juu ya slaidi iliyochongwa bapa, na kwenye boksi walikupa pleti nne zenye namba. Saiti yako inatumia unyayo (umbo la chini na mpangilio wa matundu) wa Trijicon RMR, redi doti ya kampuni nyingine, kwa hiyo pleti yako ni namba 02. Pleti inafungwa kwenye slaidi kwa skrubu mbili, halafu saiti inafungwa kwenye pleti kwa skrubu mbili nyingine. Skrubu nne jumla, na ndani ya pakiti ya saiti kuna nyingine za ziada za urefu tofauti, zote nyeusi, zote zinafanana kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku. Hapo ndo mambo yanapoharibikia, kwa sababu tundu la skrubu ya pleti la upande wa kulia, upande maganda yanakotokea, lipo juu kabisa ya njia anamopita yule mshale mdogo wenye springi unaosukuma ekstrakta. Ekstrakta ni kile kikucha kinachong'ata kitako cha ganda na kulivuta. Skrubu ikizidi urefu hata kwa unywele inashuka mpaka kwenye ile njia inaukandamiza mshale, kikucha kinakosa nguvu ya kung'ata, ganda linabaki. Bastola ilikuwa nzima jana, leo umeongeza skrubu, leo haivuti ganda. Mimi hapo sihitaji kupiga ramli.

Namna ya kuhakikisha: fungua saiti, iweke pembeni, halafu legeza ile skrubu ya kulia ya pleti mizunguko miwili. Sukuma ekstrakta kwa ncha ya kijiti cha plastiki, sikiliza mkono unavyohisi. Kaza tena, sukuma tena. Ikiwa imelegea kikucha kinacheza na kurudi vizuri, ikiwa imekazwa kinakuwa kigumu au kinarudi kwa uvivu, basi umempata mwizi. Ukiwa na risasi za bandia, zile za plastiki za mazoezi, jaza magazini uvute slaidi kwa mkono mara ishirini, ni kipimo kizuri zaidi.

Dawa yake mara nyingi ni kurudi kwenye skrubu zilizokuja na pleti kwa ajili ya pleti, na za saiti ziende kwenye saiti, basi. Kama ulizichanganya mpaka hujui ipi ni ipi agiza seti mpya, ni hela ndogo, usianze kubahatisha. Wapo wanaosaga ncha kwa jiwe, nusu milimita hivi, na inafanya kazi, ila ukisaga kupita kiasi nyuzi zinazoshika zinabaki chache na pleti zenyewe za kiwandani ni nyembamba, hazina nyuzi za kuchezea. Mimi binafsi kwa mtu anayepiga sana namshauri anunue pleti ya chuma ya mtengenezaji mwingine, nene kidogo, yenye vijipini vinavyoingia kwenye matundu ya saiti ili kishindo kibebwe na chuma badala ya skrubu peke yake. Wewe unayeenda renji mara mbili kwa mwezi sio lazima leo.

Kuna chanzo cha pili ambacho watu hawakitaji: gundi. Niambie ukweli, Loctite uliidondoshea kwenye tundu au uliipaka kwenye skrubu? Kama uliidondoshea tunduni imeshuka mpaka kwenye njia ya ule mshale ikaganda humo humo, na sasa hata skrubu ingekuwa fupi ekstrakta imegandishwa. Hilo linataka kutoa kifuniko cha nyuma cha slaidi, kuchomoa mshale na springi yake na kusafisha. Kama hujawahi kukitoa mpelekee fundi, dakika kumi kazi imeisha, na umwombe akuonyeshe.

Haya, turudi kufunga upya, safari hii kwa utaratibu. Skrubu na matundu yote yafutwe mafuta kwa spiriti kali, ile ya asilimia 90 na kitu ya duka la dawa, uache ikauke kabisa, maana bastola mpya inatoka kiwandani na grisi na gundi haishiki kwenye grisi. Loctite ya bluu, 242 au 243, tone dogo kwenye nyuzi za skrubu, unafuta inayozidi. Nyekundu usiguse, ile kuifungua lazima uichome moto wa zaidi ya nyuzi 200 na saiti yako haipendi moto. Angalia pia isidondokee kwenye lenzi wala kwenye plastiki ya fremu, inaweza kuila. Kisha kaza kwa bisibisi yenye kipimo, sio kwa hisia. Saiti za aina hii kwa kawaida ni inchi-paundi 12 mpaka 15, yaani kama nyutoni-mita 1.4 mpaka 1.7, angalia karatasi ya saiti yako inasema ngapi na uifuate hiyo. Ni nguvu ndogo kuliko unavyodhani! Wengi wanakaza kama nati za tairi, kichwa cha skrubu kinakatika ndani, halafu wananipigia simu saa nne usiku. Kaza kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, mpaka zifike pamoja.

Ukimaliza chora mstari mwembamba kwa kalamu ya rangi kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye mwili wa saiti. Mstari ukivunjika siku moja utajua skrubu imezunguka. Acha masaa 24 gundi ikauke. Masaa 24 kweli, sio "nimefunga asubuhi naenda mchana". Mimi niliwahi kuharakisha hivyo miaka ya nyuma na saiti ya bei, sitaitaja, kosa lilikuwa langu, kufika magazini ya tatu ikaanza kucheza, magazini ya nne ikanirukia begani. Mzee mmoja pale renji akaiokota akanikabidhi bila kusema neno, na ile kimya yake iliniuma kuliko tusi.

Na kwa nini skrubu zinateseka hivyo? Kwa sababu saiti imepanda juu ya slaidi, kila risasi inarushwa nyuma inasimamishwa ghafla inarudishwa mbele inasimamishwa tena. Zamani kwenye mashindano redi doti ilikuwa bomba kubwa lililofungwa kwenye fremu, haliendi popote slaidi ikitembea. Doug Koenig alichukua ubingwa wa dunia wa IPSC, mashindano ya kulenga shabaha, mwaka 1990 kule Adelaide na kitu cha namna hiyo, watu wakamcheka na lile dubwasha mpaka matokeo yalipotoka. Hizi ndogo za kupanda kwenye slaidi zilipata heshima baada ya RMR kuja mwaka 2009, na unyayo wake ndo umekuwa kama soketi ya ukutani, makampuni mengine wanaufuata.

Ila tahadhari kwa wanaosoma wenye vibastola vyembamba, tusije tukagombana. Glock 43X MOS haitumii unyayo huu, inatumia ule wa Shield RMSc. Na Holosun 507K ambayo kila mtu atakwambia "ni ya bastola nyembamba" inafanana na RMSc lakini sio yenyewe, kuna vijipini vya nyuma kwenye slaidi vinaigomea, inabidi uweke pleti ya katikati au uvisage. Usisage slaidi kwa ajili ya saiti. Nunua saiti inayokaa.

Sasa nukta. Hii ya kutafuta kama hereni imenichekesha, kila mtu aliyezoea saiti za chuma anapita hapo. Kwenye saiti za chuma hata ukiinua bastola ovyo bado unaona kitu, unaona kile cha mbele kimechomoza kushoto unarekebisha. Redi doti ukikosea kiganja kidogo tu dirisha ni tupu, haikupi hata fununu. Kwa hiyo haijakufanya mbaya, imekuonyesha tu kwamba ulikuwa unainua bastola vibaya siku zote na saiti za chuma zilikuwa zinakustiri.

Kumbuka moja: nukta inakimbilia kule mdomo wa bastola unakoelekea. Wageni karibu wote wanainua mdomo ukiwa juu, kama mtu anayevua samaki, nukta inatoka nje ya dirisha kwa juu na wao wanaanza kuzungusha kichwa kuitafuta. Acha kichwa kilipo. Inamisha kiganja mbele kidogo, au bana kidole cha mwisho cha mkono unaosaidia, utaiona inashuka yenyewe. Na usiinue kutoka kiunoni kwenda machoni kwa duara. Lete bastola kifuani, karibu na kidevu, halafu isukume moja kwa moja mbele kwenye mstari wa jicho, vile unavyomnyooshea mgeni kidole kumwonyesha nyumba ya mjumbe. Huwa huangalii kidole, unaangalia nyumba, na kidole kinafika.

Hapo kwenye kuangalia nyumba ndo siri yote ya hiki kifaa. Saiti za chuma tulifundishwa macho yakae kwenye saiti ya mbele. Redi doti macho yote mawili wazi, na unaangalia shabaha, nukta inajileta juu yake. Ukiikodolea nukta utaipoteza na utakuwa mzito. Zoezi lake ni la bei ya selotepu: ziba kioo cha mbele cha saiti kwa kipande cha selotepu nyeusi, kile cha upande wa mdomo wa bastola, acha macho yote wazi uangalie swichi ya taa ukutani. Ukiikodolea saiti utaona kitu cheusi tu, ukiiangalia swichi jicho la pili linaona swichi, la kwanza linaona nukta, ubongo unaziunganisha. Dakika kumi kila siku, bastola tupu, risasi chumba kingine, na ukuta unaoulenga uwe ambao hata ikitokea balaa hakuna mtu nyuma yake. Wiki mbili. Nimeona watu wagumu kuliko wewe wakikubali ndani ya siku tisa kumi.

Utaona pia nukta inatetemeka na utachukia. Ilikuwa inatetemeka siku zote, ulikuwa huioni. Kosa ni kungoja itulie katikati halafu uivute triga ghafla kabla haijakimbia, hapo ndo unapiga chini kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Iache itetemeke ndani ya duara la shabaha, bonyeza taratibu.

Nyota: hiyo inaweza kuwa jicho lako. Ni astigimatizimu, kioo cha mbele cha jicho hakipo duara sawasawa, we mwenyewe mtu wa hospitali sina haja ya kukusomesha. Hata taa za magari usiku wakati wa mvua zinakutawanyikia, si ndio? Pima hivi: punguza mwanga wa nukta, chukua simu, ipige picha nukta kupitia dirisha. Kwenye picha ikiwa duara, saiti ni nzima. Ikiwa nyota hata kwenye picha na mwanga umepunguza, futa lenzi na kile kitaa cha ndani, bado ikiwa nyota hapo ndo uirudishe. Na kabla hujaenda kwa daktari wa macho jaribu kupunguza mwanga zaidi, maana watu wanawasha mpaka mwisho kama taa ya bodaboda, na hata jicho zima litaona miale. Saiti yako pia ina duara kubwa la MOA 32 (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya digrii) pamoja na ile nukta ya 2, unaweza kuwasha duara peke yake, wenye macho kama yako wengi wanalipenda maana ubongo unatafuta katikati ya pete bila kujali kingo zimetawanyika. Wengine wanaona kijani vizuri zaidi, hiyo ni ya kwenda dukani kuangalia kwa jicho lako, sio ya kuulizia.

Zero. Hapa watu wanapigana bure. Saiti ipo juu ya mtutu kama sentimita mbili na kitu, kwa hiyo risasi inaanza chini ya unakoangalia, inapanda kukutana na mstari wa jicho, baadaye inashuka. Ukiweka zero mita 15 na risasi ya kawaida ya 9mm, mita 3 itapiga chini kama sentimita moja na nusu, mita 10 chini nusu sentimita, mita 25 itakuwa karibu palepale ulipolenga. Ukiweka mita 7 kama video nyingi zinavyosema kwa sababu karatasi ipo karibu na mtu anajisikia hodari, mita 25 itapiga juu sentimita tatu na zaidi, na kosa lolote dogo ulilofanya mita 7 linazidishwa mara tatu na nusu. Mimi nasema 15, huko kwenu renji wanahesabu yadi basi weka 15 yadi, tofauti haitakuua.

Weka mikono juu ya begi la mchanga, piga tano, usiguse skrubu ya kurekebishia saiti baada ya risasi moja hata kama imekuudhi. Tafuta katikati ya zile tano. Saiti yako kliki moja ni MOA moja, na kwa mita 15 hiyo ni milimita nne na kitu. Kundi likiwa chini sentimita 4, hizo ni kliki 9. Piga tano nyingine. Tumia risasi za aina moja tangu mwanzo mpaka mwisho, maana ukichanganya za mazoezi na zile nyingine unazero kitu kisichokuwepo.

Saiti za chuma za kiwandani hutaziona kupitia dirisha, ni fupi. Ukipata hela weka ndefu, zionekane kwenye theluthi ya chini ya kioo, ili taa ikizima uwe na pa kushika. Mpaka hapo, jua kwamba nukta ikifa mita 4 au 5 dirisha zima ni saiti kubwa tu, mweke shabaha katikati ya fremu, utapiga karatasi. Betri ni CR1632, inaingia kwa pembeni, hufungui saiti, na hilo ndo lililonifanya niipende hii kuliko RMR za zamani ambazo betri ipo chini mpaka uifungue yote. Hata kama bado inawaka badilisha mara moja kwa mwaka. Mimi hubadilisha Saba Saba, sisahau.

Mawili ya pembeni kwa wengine wanaosoma. Wenye viza za masomo na matembezi, sheria ya shirikisho hapa Marekani kwa kawaida hairuhusu mshike bunduki wala risasi, kuna vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, na kukodi renji nako kunahesabika, kwa hiyo msiazimane na ndugu mwenye green card mkadhani ni mchezo. La pili, msipakie saiti kwenye begi mkienda nyumbani Desemba. Kioo cha bunduki kina udhibiti wake wa kutoka Marekani, na forodha ya upande wa pili nao wana maswali yao.

Kwa hiyo dada, skrubu ya kulia leo jioni, gundi masaa 24, Jumamosi renji. Risasi 50 za kwanza uangalie maganda tu, zero baadaye. Nitumie picha ya ile mistari ya rangi na ya karatasi, karatasi ya yadi 15 sio ya 5. Na kama ganda bado linakwama baada ya kubadilisha skrubu, acha kupiga hapo hapo, usiongeze magazini nyingine kuona kama litajirekebisha, mpe fundi slaidi.